Sita Katika Sahani ya Santuri

Ukimwambia mtu mzima wa rika langu kwamba umekaa saa nzima na dakika ishirini ukitazama katuni, atakuangalia kwa huruma, kisha atakuuliza kama wajukuu walikuwapo. Kwetu sisi katuni ni paka anayemfukuza panya. Tunakubali kwamba mchoraji wa gazeti anaweza kusema kwa mistari minne jambo ambalo mhariri hathubutu kulisema kwa safu mbili, lakini picha zikianza kutembea na kuimba, tunawaachia watoto.

Nataka kuizungumzia filamu moja ambayo haiwahusu sana watoto. Jina lake ni Sita Sings the Blues, yaani Sita anaimba nyimbo za majonzi. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Berlin mwaka 2008, na mwaka huo huo ikapata tuzo kuu ya filamu ndefu katika tamasha la vikatuni la Annecy, Ufaransa. Aliyeitunga, kuichora na kuiongoza ni mwanamke mmoja wa Kimarekani, Nina Paley, aliyekaa nyumbani kwake na kompyuta yake, akichora karibu kila kitu mwenyewe. Filamu za aina hii kwa kawaida huhitaji mamia ya watu. Hii ina dakika 82, na karibu kila dakika ina alama ya mkono mmoja.

Kisa kinachosimuliwa ni cha Ramayana. Msomaji aliyekulia pwani, hasa katika miji kama Tanga, Mombasa au Unguja, huenda amewahi kusikia majina haya kutoka kwa majirani wa Kihindi wakati wa Diwali, au ameyaona katika sinema. Rama, mwana wa mfalme wa Ayodhya, anafukuzwa nchini kwa miaka kumi na minne kwa sababu ya hila ya mama wa kambo. Mkewe Sita anakataa kubaki katika raha za kasri, anamfuata msituni. Ravana, mfalme wa Lanka, anamteka. Rama anamtafuta, anasaidiwa na Hanuman na jeshi la nyani, Lanka inachomwa, Ravana anauawa. Hapo hadithi nyingi zingekoma na ngoma zikapigwa.

Lakini hii haikomi. Rama anamwambia mkewe kwamba amekaa nyumbani kwa mwanamume mwingine, kwa hiyo heshima yake ina shaka. Sita anaingia motoni ili athibitishe usafi wake, na moto haumuunguzi. Wanarudi nyumbani. Anapata mimba. Kisha dobi mmoja mjini anamfukuza mkewe aliyelala nje, akisema kwamba yeye si kama Rama wa kumpokea mwanamke wa namna hiyo. Neno dobi tumelipata kwa hao hao Wahindi, na hapa dobi huyo kwa maneno yake anaichafua nyumba ya mfalme. Rama anaogopa maneno ya watu, na mkewe mjamzito anapelekwa msituni na kuachwa. Anazaa mapacha, anawalea. Siku Rama anapowaona watoto wake na kutaka kumrudisha mama yao, anadai tena athibitishe usafi wake. Safari hii Sita anaiomba ardhi, ambayo ndiyo mama yake, impokee kama kweli hakuwahi kumwaza mwanamume mwingine. Ardhi inafunguka na kummeza.

Paley anayachukua masimulizi haya na kuyaweka sambamba na kisa chake mwenyewe. Mumewe alipata kazi Trivandrum, kusini mwa India. Akamfuata. Akaenda New York kwa shughuli fupi, na huko akapata ujumbe wa mumewe kwenye kompyuta kwamba asirudi. Basi. Maneno machache, na ndoa imekwisha. Alipokuwa New York hana makao, alisikiliza sahani za santuri za mwimbaji aitwaye Annette Hanshaw, aliyevuma Marekani katika miaka ya 1920 na mwanzoni mwa miaka ya 1930 kisha akaacha kuimba na kusahauliwa. Katika filamu, Sita anapofungua kinywa kuimba, sauti inayotoka ni ya Hanshaw, pamoja na mkwaruzo wa sindano juu ya sahani.

Hapo ndipo penye akili ya filamu hii. Tulipofundishwa uhakiki tuliambiwa tutenge fani na maudhui, kana kwamba moja ni kikombe na jingine ni chai. Hapa huwezi kuvitenga. Nyimbo zile za Hanshaw, kama nyingi za enzi yake, ni za kubembeleza. Mwanamke ananyanyaswa na bado anasema atampenda huyo bwana. Amenuniwa na bado anamngoja. Ukizisikiliza peke yake ni nyimbo tamu za kunyenyekea. Lakini Paley anaziweka juu ya picha za vitendo vya Rama. Sita, akiwa na macho makubwa na kiuno chembamba kama kikaragosi cha matangazo ya zamani, anaimba mapenzi yake huku mumewe akimwelekeza motoni. Unyenyekevu unageuka kuwa mashtaka bila neno hata moja kubadilishwa. Mwimbaji hashtaki, ila msikilizaji tayari amekuwa hakimu.

Nilipoitazama nilimkumbuka mwimbaji wetu. Mwaka 1928, wakati Hanshaw akiingiza sauti yake katika sahani huko Marekani, Siti binti Saad wa Unguja alisafiri hadi Bombay na wenzake kuingiza zake. Alizaliwa akaitwa Mtumwa. Jina la Siti, yaani bibi, alilipata kwa sauti yake. Jina hilo ni la Kiarabu. La Sita ni la Kisanskriti, na maana yake ni mfuo unaochimbwa na jembe, kwa sababu mfalme Janaka alimkuta mtoto huyo katika udongo alipokuwa akilima. Yanafanana katika sikio tu, na sitaki kujenga nadharia juu ya kufanana huko. Ninachosema ni hiki: katika miaka ile ile, sauti za wanawake waliokuwa na mambo ya kusema juu ya wanaume zilikuwa zikikamatwa na sindano moja, katika mabara mbalimbali. Tofauti ni kwamba Siti na wenzake walikuwa wakishtaki wazi. Wimbo wa Kijiti unatokana na kisa cha kweli cha mwanamke mgeni aliyeuawa Unguja, na haumbembelezi mtu. Hanshaw alihitaji mchoraji aje miaka themanini baadaye ili mashtaka yaliyojificha yasikike.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote haina wimbo. Wasimulizi wa kisa ni vivuli vitatu, vimechorwa kwa mfano wa vikaragosi vya ngozi vya Java, na sauti zao ni za Wahindi watatu ambao hawakuandikiwa maneno. Waliulizwa tu wasimulie wanavyokumbuka. Basi wanabishana. Mmoja anataja karne, mwingine anakataa. Mmoja anasema Sita alidondosha vito vyake njiani ili Rama apate kufuata, mwingine anauliza vito hivyo vilitoka wapi ikiwa aliondoka kasri akiwa amevua mapambo yote. Wanamtetea Ravana kidogo, kwamba alikuwa msomi na mcha Mungu, na kwamba licha ya kumteka Sita hakumlazimisha. Wanashangaa kwa nini Sita hakurudi na Hanuman alipofika Lanka, vita vikaepukwa. Na mmoja anasema jambo ambalo kila shoga amewahi kumwambia shoga yake: kama rafiki yako angekuwa na mwanamume anayemtesa hivi, naye bado anamfanyia ibada kila siku, usingemwambia aachane naye?

Aliyewahi kukaa barazani kusikiliza wazee wakisimulia ataitambua hali hii mara moja. Hadithi ya kale kwetu haikusimuliwa na mtu mmoja huku wengine wamekaa kimya kama wako msikitini. Mmoja huanza, mwingine husahihisha jina, wa tatu hukumbuka kwamba aliyekufa si huyo bali nduguye. Kubishana huko hakuivunji hadithi. Ndiko kunakoiweka hai, maana watu hawabishani juu ya kitu wasichokijali. Filamu nyingi zinazotwaa visa vya kale hujivika sauti moja nzito ya msimulizi, na matokeo yake ni hotuba. Hii imetupa mazungumzo.

Sasa nifike kwenye lawama, maana zipo, na nyingine ni nzito.

Lawama ya kwanza imetolewa na baadhi ya vikundi vya Kihindu, vilivyopinga filamu hii na kutaka isionyeshwe. Wanasema mwanamke wa nje amechukua kisa kitakatifu, akakifanyia mzaha ili kujiponyesha. Siwezi kuipuuza hoja hii. Nimejiuliza ningejisikiaje kama mgeni angemchukua Fumo Liyongo, akamfanya kikaragosi cha kuchekesha, akaweka ndani yake ugomvi wake na mumewe. Ningeudhika. Na Liyongo ni shujaa tu, hakuna anayemsujudia. Rama kwa mamilioni ya watu ni Mungu aliyeshuka. Kwa hiyo kuudhika kwao ni kukubwa kuliko kwangu, na anayewaambia wacheke tu hajui anachokisema.

Hata hivyo, hoja hiyo inasahau historia ya kisa chenyewe. Ramayana haijawahi kuwa moja. Iko ya Valmiki katika Kisanskriti, ya Kamban katika Kitamil, ya Tulsidas katika lugha ya watu wa kaskazini, na nyingine za Java na Thailand, kila moja ikiongeza na kupunguza. Tulsidas, katika utenzi wake mkuu wa karne ya 16, hakukisimulia kisa cha Sita kufukuzwa akiwa mjamzito. Yaonekana kilikuwa kigumu kukibeba pamoja na sifa za Rama. Na katika karne hiyo hiyo, huko Bengal, mwanamke aitwaye Chandravati alitunga Ramayana yake ambayo ndani yake maumivu ya Sita ndiyo yaliyoshika usukani. Kwa hiyo swali la Paley, kwamba mwanamke huyu alikosa nini, halikuletwa na ndege kutoka Marekani. Lilikuwapo huko huko, katika vinywa vya wanawake wa Kihindi, kwa mamia ya miaka.

Lawama yangu mwenyewe ni nyingine. Filamu imemwonea Rama kisanaa. Amechorwa kifua kipana na uso usio na mawazo, na kila akionekana tunajua atakosea. Katika tamthilia ya Bhavabhuti, iliyoandikwa karne ya 8, Rama aliyemfukuza Sita ni mtu anayelia mpaka anazimia. Ameamini kwamba mfalme hana haki ya furaha yake binafsi ikiwa raia wanamtilia shaka, na imani hiyo inamla. Hiyo ndiyo tanzia halisi: mtu mwema anayefanya uovu kwa sababu ya wajibu. Sisi tunawajua wanaume wa aina hiyo. Hawakuwa makatili. Waliogopa watu watasemaje. Paley angempa Rama wake nusu ya uzito huo, Sita naye angekua, maana kuachwa na mpumbavu ni hasara ndogo kuliko kuachwa na mtu anayekupenda.

Aidha, sehemu za maisha yake mwenyewe ni nyembamba. Zimechorwa kwa mistari inayotikisika, na zinapita upesi. Mume anakuja, mume anaondoka, hatumjui. Ukiziweka kando ya moto na ardhi inayofunguka, zinaonekana ndogo. Huenda hilo ndilo alilolikusudia, kwamba msiba wa mtu mmoja ni mdogo mpaka upate kisa kikubwa cha kuuegemea. Lakini msanii akikusudia udogo, bado ni lazima audogoshe kwa ustadi.

Nimesema hayo, na bado naitetea filamu hii, kwa sababu ambayo haitoki vitabuni.

Shangazi yangu alipata talaka kwa barua. Ilitoka Maskati, katika bahasha nzuri yenye stempu ya rangi, na yeye alikuwa amekwisha kushona nguo za safari. Nyumbani mambo hayo yalizungumzwa kwa sauti ya chini, kama mtu anapougua. Wanawake wa mtaa walitarajia alie, na walikuja tayari kulia naye. Yeye alikisimulia kisa hicho kwa kuigiza. Aliiga sauti ya tarishi, akaiga mwandiko wa mumewe kwa kidole hewani, akaonyesha namna alivyoipindua barua kutafuta kama nyuma yake kuna hela. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Wazee wengine waliona ni utovu wa adabu. Mimi nilikuwa mtoto, nami niliona jambo moja: kila alipokisimulia, kisa kilikuwa chake zaidi na cha yule bwana kidogo zaidi. Hakucheka kwa sababu hakuumia. Alicheka kwa sababu kilio kilikuwa kinategemewa naye, kama vile moto ulivyotegemewa na Sita.

Sisi tuna urithi mkubwa wa mawaidha kwa wake. Mwana Kupona binti Msham wa Pate, katika utenzi alioutunga kwa ajili ya binti yake karibu mwaka 1858, alieleza kwa upendo namna ya kumridhisha mume, na utenzi huo umekaririwa na vizazi. Siudharau, uliandikwa na mama mgonjwa aliyejua kwamba anakufa, naye alimwachia mwanawe silaha alizozijua. Lakini mawaidha hayo yanamwambia mke afanye nini ili aridhiwe. Ni machache mno yanayomwambia afanye nini akiwa ametimiza yote, na bado barua ikaja. Sita alitimiza yote. Hilo ndilo linalofanya kisa chake kiume. Na filamu hii, pamoja na mapungufu yake, inasimama mahali hapo hasa ambapo mawaidha hukoma.

Kuna jambo la mwisho ambalo si la ndani ya filamu, ila linaihusu. Hadithi ya Rama haina mwenyewe. Mtu yeyote anaweza kuitwaa. Nyimbo za miaka ya 1920 zilikuwa na wenyewe, ingawa mwimbaji alikuwa amekwisha kufariki mwaka 1985. Makampuni yenye haki za tungo hizo yalidai fedha ambazo mchoraji hakuwa nazo. Mwishowe alikopa na kulipa dola 50,000, na hata hivyo mkataba ulimwekea kikomo cha nakala 4,999 za kuuza. Mwaka 2009 akaamua kuiachia filamu bure kwa watu wote waitazame na kuinakili, na mwaka 2013 akaiacha kabisa iwe mali ya umma. Sisi wa pwani, ambao tarabu yetu imekuwa ikiazima tuni za filamu za Kihindi na kuzivisha maneno ya Kiswahili, tunajua kwamba wimbo hukua kwa kuhama. Najua pia kwamba watungaji wetu wengi wamekufa maskini huku wengine wakiuza kanda zao, kwa hiyo sisemi kwamba haki za mtunzi ni upuuzi. Nasema tu kwamba kisa cha kale kama hiki kilikaribia kunyamazishwa na karatasi za miaka themanini, na si na wacha Mungu waliokasirika.

Mwenye intaneti anaweza kuitazama bila kulipa senti. Aitazame usiku, watoto wakishalala, si kwa sababu ya aibu bali kwa sababu watauliza maswali, na majibu yake ni marefu. Asikate tamaa katikati, pale picha inaposimama kwa dakika tatu kwa mapumziko, na wahusika wakipita mbele ya pazia kwenda kununua vitafunio. Ni mzaha wa sinema za zamani, na waliowahi kununua njugu katika mapumziko ya filamu ya Kihindi watautambua.

Na afikapo mwisho, amwangalie Sita vizuri. Kwa miaka mingi nilikuwa nikisikia kwamba ardhi ilimmeza, kana kwamba ni ajali iliyompata. Filamu imeonyesha kilichokuwamo katika kisa tangu zamani. Anaombwa athibitishe, naye anathibitisha. Lakini ameuchagua uthibitisho ambao, ukishatimia, hakuna wa kurudi naye nyumbani. Rama alipata jibu lake. Mke hakumpata.